Wajina Wangu wa Ng'ambo ya Ziwa

Mpendwa mdogo wangu Mwajuma,

Ni mimi Mwajuma ninayekuandikia. Mgeni akisoma mstari huu atadhani nimechanganyikiwa na ninajiandikia mwenyewe. Wewe ungecheka, kile kicheko chako cha kuziba mdomo kwa kiganja, halafu ungesema Papa, baba yetu, anaweza kuwasumbua watu hata akiwa kaburini.

Simu yako nimeipiga mpaka nimeona haya. Anajibu mwanamke mmoja kwa Kifaransa, sauti ya kurekodiwa, na Kifaransa changu mimi ni kile ulichonifundisha cha kuombea chumvi. Basi naandika. Na barua nimeiacha wazi, anayetaka aisome, wa Ujiji, wa Kibirizi na wa huko kwenu pia, kwa sababu jambo lililokupata lilitendeka mchana mbele za watu na sioni kwa nini nililie chumbani. Ulikuja kwetu na ombi moja tu: uingie nyumba ya baba yetu, ukae kidogo pale alipokuwa akikaa, utoke. Hukuomba shamba wala mtumbwi. Na hata hilo moja tulikunyima.

Nianze na ile simu. Ilikuwa siku ya pili ya msiba wa baba. Nyumba ya Ujiji imejaa watu hadi uani, na mimi nimepewa simu yake niwe napokea na kuwajulisha waliokuwa hawajasikia. Ikaingia namba ya Kongo. Sikushangaa, baba alikuwa na wateja wake wa chumvi huko. Sauti ya kike ikaita, "Papa?" Nikajibu kwamba huyu siye, huyu ni binti yake, na mwenye simu tumemzika jana. Ukanyamaza. Nikadhani salio limekuishia. Kisha ukaniuliza taratibu kabisa kama mimi ndiye Mwajuma, nikasema ndiyo, nani mwenzangu?

"Miye pia Mwajuma," ulisema. "Mwajuma wake wa huku."

Nilikaa juu ya gunia la mchele wa msiba. Wanawake waliokuwa karibu wakaja kunishika mabega, wakafikiri uchungu wa baba umenipanda upya. Hawakukosea, ila ulikuwa uchungu wa namna nyingine kabisa.

Wasiolijua ziwa letu niwaeleze kidogo ndipo watuelewe. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukijaa dagaa hawaijali taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, hukaa na wake zao na kuwachapa watoto waliokosa wakati wao hawapo. Mtoto wa mvuvi anamjua baba yake kwa mbalamwezi. Kipindi cha giza baba ni koti linalonuka samaki lililotundikwa mlangoni asubuhi, na mtu aliyelala ambaye hairuhusiwi kupiga kelele karibu yake. Baba yetu alikuwa na utaratibu wake zaidi ya hapo. Mbalamwezi moja anapumzika Ujiji. Inayofuata anapakia chumvi ya Uvinza na kuvuka kwenda Kongo, na anarudi na madumu ya mawese. Mama ndiye aliyekuwa akimfungia chakula cha njiani. Sote tulimsifu baba kwa bidii yake, kwamba wenzake wamelala usingizi yeye anahangaika na biashara.

Kumbe mbalamwezi moja ilikuwa yetu na moja ilikuwa yenu.

Na jina nalo. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na bibi yetu alikuwa Mwajuma. Nilipozaliwa mimi, baba akamheshimu mama yake. Ulipozaliwa wewe ng'ambo, akamheshimu tena. Pale bandarini Kibirizi kuna watu wanaosema alifanya hivyo ili ulimi usije ukamponza nyumbani. Waseme wanavyotaka. Mimi nasema alimpenda mama yake, na alikuwa na nyumba mbili, na kila nyumba ilidai haki yake. Nilimkasirikia baba kwa mengi lakini si kwa hilo.

Ulishuka Kibirizi na boti ya mizigo, arobaini ya baba ikiwa imeshapita. Sikuwa na picha yako na sikuihitaji. Ulikuja ukitanguliza bega moja kama anayepita kwenye mlango mwembamba, na hivyo ndivyo baba alivyotembea maisha yake yote. Mpagazi mmoja aliyekuwa anashusha magunia akaniambia, "Dada, huyo mgeni wako ni Mzee Rashidi mtupu." Alisema bila mshangao wowote. Ndipo nilipoelewa kwamba walijua, wote, manahodha, wapagazi, wanawake wa dagaa ninaoanika nao kila siku. Walijua miaka yote, wakanywa kahawa na mama yangu sikukuu zote, wakanyamaza.

Siku ileile nikakupeleka Ujiji kwa bajaji. Mama alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Ulipiga magoti kama mnavyofanya kwenu, ukasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba huku macho yapo kwenye mchele. Hakuyainua. Akaniambia nimpe mgeni maji, kisha nimsindikize jua lisije likatuchwea. Uliyanywa yote umesimama kizingitini, ukarudisha bilauri kwa mikono miwili, ukasema aksanti mama. Njiani uliniuliza kama Tanzania ndivyo watu wanavyopokewa. Nilikujibu kwamba mama yupo eda, eda ikiisha atakupokea vizuri. Nilitaka sana iwe kweli.

Usimchukie mama yangu. Najua hukumchukia, lakini narudia kwa ajili ya wanaosoma. Niliporudi kwake jioni ile alinifungulia moyo wake wote. Alisema dini inamruhusu mwanamume, na kama Rashidi angemwambia, yeye angelia, angesusa kula, kisha angezoea kama wanawake wengine walivyozoea. Lakini miaka yote ile alimfungia ndizi za kukaanga na dagaa wa pilipili akijua anakula peke yake kwenye boti. Alikuwa akilisha nyumba ya mwenzake bila kujua, na ziwa zima linamtazama. Nilimsaidia kufunga mlango nikarudi kwangu Kibirizi.

Basi ukakaa kwangu, kwenye vile vyumba viwili nyuma ya soko la dagaa. Hiyo ndiyo miezi ninayoikumbuka sasa kila nikishika ufagio. Asubuhi tulinunua dagaa mitumbwi ikitia nanga, tukawatandaza juani, wewe upande wako na mimi upande wangu, tunawageuza na kuwafukuza kunguru, na huku tunaulizana. Tulianza kwa adabu, kama wageni. Baadaye tukawa kama polisi wawili wanaomchunguza mtu mmoja.

Uliniambia kwenu Papa alikuwa anapika. Nilikataa. Nilikwambia baba yangu hakuwahi kuingia jikoni hata kuchukua kiberiti, alikaa barazani na redio yake, na sisi watoto tulipita mbele yake tumeinamisha vichwa. Ukasema huko aliwapikia samaki wa migebuka kwa mawese na ndimu mama yako akiwa shambani, na alikuwa akiimba nyimbo za kipuuzi na mwiko mkononi, nanyi mnamwitikia. Ukaniimbia mmoja. Nilisahau kugeuza hadi dagaa wakaanza kukauka upande mmoja. Sikuwahi kumsikia baba yangu akiimba. Nilikuonea wivu, Mwajuma, wivu mchungu kabisa, wivu wa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kwa baba wa mtu mwingine, na baba mwenyewe ndiye huyohuyo.

Ukanijibu kwamba nisikuonee. Ninyi mlijua kwamba sisi tupo. Kila ulipokosea uliambiwa Mwajuma wa Ujiji hafanyi hivyo. Mwajuma wa Ujiji anasoma, Mwajuma wa Ujiji anajua Kurani, Mwajuma wa Ujiji hajibizani na mama yake. Uliniambia ulikuwa ukipita njiani unapiga mawe majani ukiyaita Mwajuma wa Ujiji. Nilicheka hadi nikalia, maana siku zilezile unazozisema mimi nilikuwa nachapwa shuleni kwa utoro na nyumbani kwa mdomo. Baba alikuwa amekupa dada ambaye hajawahi kuwepo. Angalau sisi wa Ujiji hatukusutwa kwa jina la mtu.

Kisha mazungumzo yakafika kwenye maji. Mimi, binti wa mvuvi, siwezi kuogelea. Baba alinikataza ziwa tangu nilipoweza kutembea, na aliyenikuta ufukweni aliruhusiwa kunirudisha kwa fimbo. Wewe alikutupa majini mwenyewe ukiwa mtoto mdogo, akakushika tumbo, akakuachia, akakushika tena, mpaka ukawa samaki. Nikasema unaona, kwenu alicheza nanyi, kwetu alikataza. Uliacha kugeuza dagaa. Ukasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba mimi nilikatazwa maji kwa sababu kwetu hakukuwa na kitu cha kukimbia.

Ukanisimulia. Kwenu kila mtoto alikuwa na mzigo wake wa kukimbilia. Wewe ulikuwa na sufuria na mfuniko wake, kaka yako alibeba blanketi, mama yako unga na mtoto. Risasi zikisikika mlimani, kila mmoja anachukua chake na kuelekea majini, na asiyekuwa na nafasi kwenye mtumbwi anaogelea akiushika ubavuni. Shule ilifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mvivu. Mimi utotoni mzigo wangu ulikuwa ufagio wa uani kila Ijumaa, na niliulalamikia. Kengele ya shule yetu ililia kila siku, na kila siku niliitamani siku ambayo haitalia. Upana wa ziwa ndio ulioachanisha utoto wetu, na siku za anga safi milima yenu naiona nikiwa nimesimama mlangoni kwangu.

Kuna jambo ulinisimulia siku hiyohiyo ambalo bado silijui nilifanyeje. Ulisema mara moja vita viliwakuta Papa akiwa kwenu, akakubeba mgongoni kwenye mawe mpaka mtumbwini, peku, na jiwe likampasua wayo. Nikakuuliza mguu upi. Ukasema wa kushoto. Mwajuma, ule mguu mimi niliukanda. Alirudi Ujiji akichechemea, akatuambia amekanyaga msumari wa mtumbwi, na kazi ya kuchemsha maji ya chumvi na kumkanda ilikuwa yangu, asubuhi na jioni, mpaka kidonda kikafunga. Nilikuwa najivunia kazi ile. Sikujua namtibu aliyekuokoa wewe. Tulikaa tunatazamana katikati ya dagaa, na watu wa sokoni wakapita wakidhani tumegombana.

Jioni ulikuwa unanidai habari za Idd. Idd zote baba alikuwa kwetu, hata ile ya kuchinja ikiangukia mbalamwezi yenu, kwa hiyo wewe hukuwahi kula naye Idd hata moja. Nilikueleza kanzu yake iliyopigwa pasi ya mkaa, pilau ya mama, namna alivyotupanga mlangoni kwa urefu kabla ya kwenda kuswali, na marashi aliyotupaka nyuma ya masikio kwa kidole kimoja. Uliniambia nieleze tena. Kesho yake tena. Nikaanza kuongeza vitu ili usichoke, nguo za rangi hii, peremende za namna ile, na wewe ukanikamata, ukasema jana hapakuwa na peremende. Ulikuwa umeikariri Idd yetu kuliko mimi niliyeila.

Na begi lako. Wiki ya kwanza nilikutolea nusu ya kabati, lakini nguo zako zilibaki begini, begi miguuni mwa kitanda, zipu imefungwa. Nilikusema, nikakwambia hapa si kwenye vita, nyumba yangu unaifanya stendi. Ukaomba radhi na begi likabaki palepale. Sikukusema tena baada ya kusikia habari ya sufuria na mfuniko. Kisha asubuhi moja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza, nikakuta gauni lako la kitenge limetundikwa kwenye msumari ukutani, peke yake. Hatukulizungumzia. Nilikwenda kununua samaki, kuhe mkubwa, nikapika chakula kama cha harusi, ukaniuliza kuna nini leo, nikasema hakuna kitu.

Ukitwanga kisamvu, ambacho wewe uliita sombe, majirani walikuja kusikiliza Kiswahili chako cha Kongo na kukutania. Uliwajibu kila neno. Walianza kukuita Mwajuma Mdogo na mimi Mwajuma Mkubwa, na ilipoitwa "Mwajuma" tupu tuliitika wote. Nilikuwa na miaka mingi ya kuwa mtoto wa kike peke yangu nyumbani kwetu. Nilifurahi kuitika na mtu.

Lakini furaha ile ilikuwa na shimo katikati, na sote tulilijua. Eda iliisha. Nilikwenda Ujiji kila Ijumaa na kapu la dagaa, nikala, nikaosha vyombo, kisha nikaanza. Nilimwambia mama kwamba huna unachokitaka ila kukaa kwenye kiti cha baba muda wa kunywa chai. Mara ya kwanza alibadilisha mazungumzo. Mara ya pili aliniambia nimekuwa wakili. Mara nyingine alilia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, maana nilirudi Kibirizi nikiwa nimewaumiza wote wawili. Ulikuwa ukinisubiri nje ya mlango umekaa kwenye ndoo, na ulikuwa unajua jibu kwa namna ninavyoshuka kwenye pikipiki. Hukuuliza. Ulinipokea kapu tu.

Kuna Ijumaa moja nilimwambia mama kwa hasira kwamba hukuchagua kuzaliwa. Akasema hata yeye hakuchagua. Akasema nyumba ile ndiyo kitu pekee kilichobaki ambacho hakuwahi kugawana na mtu bila kujua, basi nimwachie. Ningekuwa wewe ningesema mama huyu ana roho ngumu, na ningekuwa mama ningesema hivyohivyo alivyosema. Mimi nilikuwa katikati, na katikati hapakuwa na mahali pa kukaa.

Kisha habari zikaja kwamba mama yako anaumwa na kipindupindu kimeingia ufukweni kwenu. Ulishusha gauni msumarini kabla hata simu haijakatika. Nilikwambia ngoja tupate habari nyingine, ngoja boti kubwa, ngoja upepo utulie. Nilikupa sababu zote nilizokuwa nazo. Asubuhi nikakusindikiza gatini, watu wanapakia sabuni na mabati, na nikakuahidi kwamba ukirudi nitakuwa nimeshamaliza na mama. Ukanishika mkono.

"Yaya, usimuombe tena," ulisema, ukiniita dada kwa namna ya kwenu. "Siku nitarudia nitapiga hodi miye mwenyewe. Nimechoka na kuombewa."

Ulisema bila hasira. Ulipanda, ukakaa juu ya magunia, ukajifunga kanga kichwani kwa ajili ya jua. Sikusubiri boti ipotee, nilikuwa na dagaa juani na mawingu yalikuwa yanakuja.

Ulinipigia ukaniambia mama yako anapata nafuu, anakunywa uji. Ukanicheka nilipokuuliza kama unachemsha maji. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani, nikasema ni mtandao, mtandao wenu siku zote ni wa kubahatisha. Aliponipigia mama yako kwa simu ya jirani, nilimchangamkia, nikampa pole ya ugonjwa, nikamuuliza anaendeleaje. Aliniacha nimalize salamu zangu zote. Ndipo akasema, "Mwanangu, ndugu yako ameisha kutuacha." Ulimuuguza yeye akapona, kikakushika wewe, hukumaliza siku mbili. Walikuzika jioni ileile na wengine. Hakuna boti ambayo ingenifikisha.

Nilikwenda Ujiji kwa miguu nusu ya njia, sijui kwa nini, pikipiki zilikuwepo. Nilimkuta mama anafua. Nilimwambia nimekuja kumjulisha tu, kwamba Mwajuma wa ng'ambo amefariki, na mimi nakwenda kutandika mkeka kwangu Kibirizi, atakayekuja aje na asiyekuja asije. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa nataka kugombana, nilikuwa na maneno ya kutosha mwaka mzima.

Mama alikamua nguo iliyokuwa mkononi mwake, akaianika, akajifuta mikono. Akaingia ndani. Akatoka na mkeka mkubwa, ule tuliotandika wakati wa baba, akautandaza barazani, akarudi kuchukua mwingine. "Msiba wa mtu unakaa kwa baba yake," alisema. Akakaa katikati ya mkeka akanyoosha miguu kama wanavyokaa wenye kufiwa.

Jirani wa kwanza alipochungulia kuuliza kuna nini, mama akamjibu kwamba Mwajuma amefariki. Hakufikiri. Pale mtaani kwetu Mwajuma ni mmoja. Habari ikakimbia Ujiji yote, na mimi nikiwa jikoni nachemsha maji ya chai nikasikia kilio kinakuja kutoka mwisho wa mtaa, kisha kingine, wanawake waliocheza nami utotoni, Bi Zuhura aliyenifundisha alifu, wote wanalia jina langu. Bi Zuhura alijitupa mkekani kifuani kwa mama. Nikatoka na birika kuona kuna nini.

Nisikufiche, lilikuwa jambo la kuchekesha. Bi Zuhura aliniona akaanza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti. Mwingine alikimbia akaacha ndala. Mmoja alinigusa mkono kwa ncha ya kidole kuona kama una joto. Ungekuwepo tungecheka mpaka tuzirai. Kisha uso mmoja baada ya mwingine ukamgeukia mama, wakisubiri aseme. Njia rahisi ilikuwepo. Angeweza kusema ni jamaa wa mbali, mtoto wa ukoo, na hakuna ambaye angeuliza zaidi, kwani wengi wao walikuwa na sababu zao za kutouliza.

Mama alisimama. Akajifunga kanga kiunoni.

"Rashidi alikuwa na Mwajuma wawili," alisema. "Huyu nilimzaa. Aliyekufa ni yule wa Kongo, mliyemjua wote mkanificha. Alikuja kunisalimia hapa, nikampa maji nikamfukuza. Msiba wake ndio huu."

Akakaa. Bi Zuhura akamsogelea, akamshika mkono, akampa pole. Wakafuata wengine. Wakaja na wa Kibirizi, mpagazi yule, manahodha, wanawake wa dagaa na vikapu vyao, wakapita mmoja mmoja mbele ya mama bila kumwangalia usoni, na mama akawapokea wote. Kila usiku wa matanga alilala palepale mkekani. Siku moja aliniuliza ulikuwa unapenda kula nini. Nikamwambia. Akapika, watu wakala, yeye hakugusa.

Siku ya hitma, shehe alimwombea Mwajuma binti Rashidi, asamehewe, apanuliwe kaburi lake, na mimi Mwajuma binti Rashidi nikaitikia amina pamoja na watu. Kila alipolitaja jina nilishtuka kidogo. Ulikuwa umeombewa dua ndani ya nyumba ya baba yako, kwa jina lako na la baba yako, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Mwajuma yupi.

Watu wananiambia nishukuru, mambo yamekwisha vizuri, mama amekukubali. Nawaitikia ndiyo, ndiyo. Sishukuru. Amekukubali ukiwa huwezi kusikia. Ningerudisha mikeka yote, na dua, na yale maneno ya mama ambayo najua yalimtoa damu, kwa asubuhi moja tu ya wewe kukaa pale ukiwa hai, hata kama mama angekununia, hata kama chai ingekuwa baridi. Nina hasira na ziwa, na kipindupindu, na baba, na watu wa Kibirizi, na mama, na nikimaliza kuwakasirikia wote bado hupo.

Lala, mdogo wangu. Nitakwenda kwenu boti zikitulia, nimsalimie mama yako, anionyeshe ulipo. Hapa sokoni wakiita Mwajuma, sasa naitika peke yangu.

Dada yako wa huku,
Mwajuma